Siku Meneja Alipoosha Wadudu

Kila Jumapili, nyumbani kwa mdogo wake, Mama Jagi aliwekewa kiti kilekile cha dirishani, na dirisha liliachwa wazi hata mvua ikinyesha. Hakuna aliyewahi kusema kwa nini. Shemeji yake tu, mume wa huyo mdogo wake, alikuwa na tabia ya kuvuta pumzi mbili fupi kwa pua kila anapomwona anaingia, kama mbwa wa forodhani, kisha kukohoa kwa adabu.

"Karibu, shemeji. Kazi zinasemaje?"

"Kazi si zenu? Nyinyi mnaleta, mimi naosha."

Watoto walicheka mpaka vijiko vikawaanguka. Mdogo wake alimkanyaga mguu chini ya meza. Mama Jagi alijipakulia mboga, akala kwa raha zake, akawatazama watu hawa wasafi waliodhani vitu vyao, vikishavutiwa maji, vinakwenda mbinguni.

Havikwenda mbinguni. Vilikwenda kwake. Alikuwa fundi mkuu wa mitambo ya kusafisha majitaka, ukingoni mwa mji, mwaka wa kumi na tisa sasa. Jina alipewa na wenzake kwa sababu ya jagi la kioo la lita moja, refu, jembamba, lenye mistari ya vipimo ubavuni, ambalo hakuachana nalo asubuhi wala jioni. Wengine hutembea na mkoba. Yeye alitembea na jagi.

Basi ikatokea kwamba meneja wa mitambo alistaafu, na waliokaa kuchagua mwingine wakamchagua shemeji mtu. Usiulize kwa sifa gani. Alikuwa ameuza vigae vya sakafu miaka minane, na mmoja wa waliokaa kuchagua alikuwa na nyumba nzima, mpaka bandani kwa kuku, iliyotandikwa vigae hivyo kwa bei ya kirafiki. Siku ya kwanza alikuja na viatu vya ncha kali na leso iliyolowekwa manukato.

"Jambo moja kabla hatujaanza," alimwambia Mama Jagi mbele ya wafanyakazi. "Kazini hakuna shemeji. Kuna Meneja."

"Sawa, Meneja. Na Jumapili?"

"Jumapili tutaona."

Mama Jagi akamtembeza mitamboni. Kwanza chujio la nondo pale majitaka yanapoingilia, ambapo matambara, ndala na wanasesere hunaswa kabla havijaziba pampu.

"Mwaka jana tulipata meno ya bandia," alisema Mama Jagi. "Seti nzima, juu na chini."

"Mungu wangu. Mkayatupa?"

"Mwenyewe alikuja kuyaulizia."

"Akayachukua?"

"Akayasuuza pale bombani, akayavaa, akatuaga vizuri kabisa."

Meneja akabana leso puani. Wakapita mfereji ambamo mchanga hubaki chini, wakapita tangi ambamo uchafu mzito hutuama wenyewe, wakafika tangi la hewa. Hapo Meneja akasimama. Tangi hilo lilikuwa pana kuliko uwanja wa mpira wa shule, na lote lilichemka kwa mapovu, rangi ya kahawia nzito, maana mashine zilipuliza hewa kutoka chini mchana na usiku.

"Mbona hapa ni pachafu kuliko kule yanakoingilia?"

"Hao ni wadudu, Meneja."

"Wadudu gani? Sioni mdudu."

"Huwezi kuwaona. Ni wadogo kuliko vumbi, na rangi hiyo yote ni wao. Tunawapulizia hewa wapumue, wao wanakula uchafu. Wakishiba wanashikana wanakuwa tope, tunawapeleka tangi la mwisho, wanazama chini, maji safi yanabaki juu. Tope tunalirudisha hapa likale tena. Mimi na wewe tunalipwa mshahara, lakini wafanyakazi wenyewe ni hawa."

Meneja aliangalia ule ukahawia kama mtu anayeangalia zulia lililomwagikiwa chai.

"Hapana," alisema. "Panatia kinyaa."

Mama Jagi akamwonyesha kazi ya jagi. Alichota nalo tangini likajaa kahawia, akaliweka kwenye kizingiti cha dirisha la ofisi, akageuza saa ya mchanga. Nusu saa. Tope likashuka polepole likakaa chini, juu pakabaki maji. Kisha akafanya alivyofundishwa na fundi wa zamani, marehemu sasa, mtu aliyekuwa na meno manne na akili za watu arobaini: alichukua kitabu cha zamu, akakisimamisha nyuma ya jagi. Maandishi yako mwenyewe ukiyasoma kupitia yale maji ya juu, wadudu wako wazima, unatia sahihi, unafungua lango, maji yanapita kwenye dawa ya kuua vijidudu na kwenda mtoni. Usipoyasoma, lango linafungwa, na majitaka yanageuziwa bwawa la dharura mpaka ujue kasoro. Maabara walikuwa na vipimo vyao vikubwa mara moja kwa wiki. Lakini wiki ina siku saba na mto haungoji. Funguo ya lango ilikaa shingoni mwa Mama Jagi.

"Na mimi nafanya nini?" aliuliza Meneja.

"Wewe unatia sahihi chini ya yangu, kila siku, kwamba umesoma."

Kitabu kile kilikuwa kimekaa miaka mingi mahali pale na kilinuka kama pale. Meneja alikishika kwa vidole viwili, akageuza uso pembeni, akachora sahihi kubwa yenye mikia mitatu bila kutupa jicho hata kwenye neno moja. Ikawa ndivyo kila siku. Mama Jagi angeweza kuandika humo kichocheo cha maandazi. Siku moja, kwa kweli, aliandika, na kikatiwa sahihi.

Baada ya miezi miwili ikaja barua. Mkaguzi wa mazingira atakuja, na pamoja naye Mheshimiwa fulani wa halmashauri na waandishi wa habari. Meneja akapata homa ya furaha. Akaagiza mahema, viti na kitambaa chekundu. Akapaka chokaa mawe, miti, hata mguu wa mlinzi aliyekuwa amesinzia. Kisha akamwita Mama Jagi.

"Lile tangi la kahawia. Wageni hawawezi kuona vile. Litamwagwa, lisuguliwe, lijazwe maji meupe."

"Meneja, ukilisugua lile unafunga mitambo. Itachukua wiki kadhaa wadudu wazaliwe upya. Hizo wiki kinyesi cha mji mzima kitapita hapa kama mtu apitavyo barabarani."

"Kila siku wadudu, wadudu. Mimi nimefanya usafi maisha yangu yote."

"Umeuza vigae."

"Na kigae ni nini kama si usafi?"

Mama Jagi alicheka, na hapo ndipo alipokosea. Alidhani mjinga akishachekwa amekoma. Kesho yake akaletewa barua: ahudhurie semina ya siku moja makao makuu, mada yake Usafi Mahali pa Kazi. Akakaa ukumbini tangu asubuhi, akafundishwa na kijana mwenye tai namna ya kunawa mikono.

Aliporudi siku iliyofuata, harufu ya malimau ilimpokea getini. Vibarua thelathini walikuwa wamefanya kazi. Tope lote lilikuwa limesukumwa kwa pampu hadi kwenye vitanda vya kukaushia na kumwagiwa dawa ya madoa juu, lisinuke. Tangi la hewa na lile la mwisho yalikuwa yamesuguliwa kwa sabuni mpaka saruji ikawa nyeupe. La mwisho lilikuwa tupu. La hewa lilijazwa maji ya bomba, na sakafu yake ilionekana. Meneja alisimama ukingoni, mikono nyuma, kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha.

"Sasa hii ndiyo mitambo," alisema.

Mama Jagi aliinama ukingoni. Alichota jagi lake, akaliweka dirishani, akageuza saa. Meneja akacheka, akangoja naye. Nusu saa ikaisha na hakuna kilichoshuka, kwa kuwa hapakuwa na cha kushuka.

"Ona yalivyo meupe!" alisema Meneja. "Hata nusu saa hayakuhitaji."

"Umewaua."

"Nimemuua nani?"

"Kila aliyekuwa anafanya kazi hapa, ukiniacha mimi."

Vibarua walikuwa angalau wamegeuzia majitaka bwawa la dharura. Bwawa lile huhimili siku tano, na moja ilikwishaondoka. Likijaa, linamwagikia mtoni lenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu. Wageni walikuwa wanakuja baada ya siku nne.

"Fungua lango," alisema Meneja.

"Leo nikifungua, maji yanayoingia ndiyo yatakayotoka, na harufu ya limau juu yake."

"Nani atajua?"

"Mama mkwe wako atajua. Bustani yake iko kona ya tatu kutoka hapa, na anamwagilia kwa ndoo kutoka mtoni. Zile mboga unazojipakulia mara mbili kila Jumapili, unafikiri zinatoka wapi?"

Meneja alizikumbuka zile mboga, lakini kichwa chake kilikuwa kimeshafika kwenye mahema.

"Nakwambia kwa mara ya mwisho. Siku ya wageni maji yawe yanatoka langoni. Mheshimiwa haji kuangalia lango lililofungwa. Yasipotoka, utafute pa kwenda na jagi lako."

"Ukitaka funguo nakupa sasa hivi," alisema Mama Jagi, akaivua shingoni. "Andika tu kitabuni, kwa mkono wako, kwamba umefungua mwenyewe."

Meneja akaiangalia ile funguo, akaangalia kitabu, akaona ni heri akashughulikie viti.

Mama Jagi akakaa akaandika, kwa mwandiko wake mkubwa wa mtu aliyeishia darasa la saba: Wadudu wote wameuawa kwa sabuni na dawa ya madoa, kwa amri ya Meneja. Lango limefungwa. Jioni Meneja akashika kitabu kwa vidole viwili na kuchora mikia yake mitatu.

Mahali pekee palipokuwa na wadudu wa kuazima ni kiwanda cha soda, upande wa pili wa mji, ambacho kilikuwa na mitambo yake midogo ya majitaka. Fundi wa pale alikuwa mtu wa majivuno makubwa na tumbo la kulingana nayo. Miaka kumi na tano nyuma aliwahi kumposa Mama Jagi, naye akamjibu kwamba hawezi kuolewa na mtu anayesafisha sukari. Mwenzake hakusahau.

"Lo! Malkia wa vyoo!" alisema alipomwona mlangoni na jagi tupu. "Umekuja kufuata soda?"

"Nimekuja kuomba tope. Magari sita."

"Wa kwako wamepatwa na nini?"

"Wameoshwa."

Fundi wa soda alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza akajifuta macho, akaketi, akakunja mikono juu ya tumbo.

"Nitakupa. Lakini kwanza useme: wadudu wako ni wazuri kuliko wangu."

Katika miaka kumi na tisa Mama Jagi alikuwa amekanyaga vitu vingi visivyosemeka, lakini maneno haya yalikuwa magumu kuliko vyote. Alimfikiria mama yake na ndoo yake.

"Wadudu wako ni wazuri kuliko wangu," alisema.

"Sikusikia vizuri. Hizi mashine zina kelele."

"Wadudu wako ni wazuri kuliko wangu, na Mungu akusamehe!"

Dereva wa gari la kunyonya majitaka, mtu wa mizaha ambaye mji mzima ulimwita Manukato, alilipeleka tope hilo kwenye tangi la hewa kwa safari sita, siku moja, akipiga honi kila anapopita hotelini ambako watu wanakula nje. Meneja hakuonekana. Alikuwa mjini akipimwa suti. Siku zilizofuata alifika hadi kwenye mahema tu, asije akachafua viatu, na siku mbili mfululizo kitabu kilipelekwa huko kutiwa sahihi.

Wadudu wa soda walianza kwa kudeka. Walikuwa wamezoea sukari, na sasa walipewa vitu vya watu wazima. Siku ya kwanza Mama Jagi aliposimamisha kitabu nyuma ya jagi aliona ukungu mtupu. Akapunguza majitaka anayowapa kutoka bwawani, akaongeza hewa, akawatukana kidogo. Siku ya pili aliona kwamba kuna maandishi, asijue ni ya lugha gani. Siku ya tatu alisoma neno moja katika matatu. Tangi la mwisho, lililokuwa tupu, lilikuwa sasa limekaribia kujaa, na kwenye bwawa la dharura maji yalikuwa yamebakiza kiganja kufika ukingoni.

Siku ya nne wakaja wageni.

Mheshimiwa alikuja na viatu vya kung'aa, na nyuma yake viatu vingine vya kung'aa. Mkaguzi alikuwa mama mfupi wa makamo, hana haraka, ambaye alifungua begi lake, akatoa gambuti zake mwenyewe, akazivaa pale pale akiegemea gari. Mama Jagi aliziona zile gambuti zilivyopauka kwa kazi, na roho ikamtulia kidogo.

"Waheshimiwa," alisema Meneja akiwa mbele yao, akirudi kinyumenyume huku ananyoosha mkono, "hapa nilikuta uchafu wa miaka. Sasa mtaona maji ambayo, bila kutia chumvi, mtatamani kuyaogelea!"

Akageuka. Tangi lote lilikuwa la kahawia na lilichemka. Upepo ukanyanyua tonge la povu, ukalitua begani mwa suti mpya.

Mheshimiwa akarudi hatua mbili. Meneja akamfuata Mama Jagi, uso umemvimba, akinong'ona kwa meno yaliyofungwa.

"Umenifanya nini? Fungua lango! Fungua waone maji yanatoka, tutoke hapa!"

"Mpaka nipime."

"Shemeji, niokoe. Nakuomba, shemeji."

"Kazini hakuna shemeji," alisema Mama Jagi.

Akachota jagi tangini, akaliweka katikati ya meza ya wageni, juu ya kitambaa chekundu, kati ya chupa za maji na maua ya plastiki. Akageuza saa ya mchanga. Mheshimiwa aliuliza kitachukua muda gani. Nusu saa, alijibiwa. Akasema hana nusu saa. Mkaguzi akavuta kiti akaketi. "Mimi ninayo," alisema. Basi wote wakaketi.

Meneja akajaza muda kwa hotuba. Alizungumzia dira na maono. Aliyemsikiliza alikuwa mlinzi peke yake. Dakika ya kumi tope lilikuwa limeshuka nusu. Ya kumi na tano, tonge moja likanyanyuka kutoka chini, likapanda polepole mpaka juu na kubaki likielea, na Mama Jagi akapiga hesabu. Likifuatwa na mengine, hafungui. Hafungui, bwawa linamwagika jioni, na kazi hana. Hakuligusa jagi. Meneja alikuwa ameacha kuhutubia. Hata waandishi walikuwa wameinamia meza, kalamu mkononi, kama watu wanaotazama mkwaju wa penalti.

Lile tonge likageuka, likatoa puto dogo la hewa, likazama.

Mchanga ulipoisha, Mama Jagi alikifungua kitabu na kukisimamisha nyuma ya jagi. Baadaye aliapa kwamba kilifunguka chenyewe kwenye ukurasa ule. Hakuna aliyemwamini, na yeye hakujisumbua kuapa mara ya pili.

"Mkaguzi, njoo usome wewe. Mimi mwandiko wangu naujua, nitajidanganya."

Mkaguzi akavaa miwani, akainama, akasoma kwa sauti kupitia maji, taratibu, neno kwa neno.

"'Wadudu wote wameuawa kwa sabuni na dawa ya madoa, kwa amri ya Meneja. Lango limefungwa.'" Akanyanyua macho. "Yanasomeka vizuri. Na hii sahihi yenye mikia ni ya nani?"

Mbali kidogo Manukato alisikika akicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Ni yangu," alisema Meneja, "lakini sikuwa... yaani nilikuwa..."

"Ulisoma ukatia sahihi?"

Hapo maskini alikuwa na njia mbili, zote mbovu. Akachagua iliyo mbovu zaidi.

"Huwa sisomi," alisema.

Waandishi wakaandika hilo.

Mama Jagi aliivua funguo, akaenda akafungua kufuli na kulizungusha gurudumu la lango. Maji yakatoka, si meupe ya kuogelea, ila maji ya haki, yakapita kwenye dawa na kushuka mtoni, na bwawani kile kiganja kikaanza kuwa viwili. Mheshimiwa alipigwa picha mbele ya lango na kuondoka. Mkaguzi alibaki saa nzima, akavua gambuti, akaandika amri ya mistari mitatu. Meneja atakaa chini ya fundi mkuu miezi sita, atapima jagi asubuhi na jioni kwa mikono yake, na atasoma kwa sauti kila anachokitia sahihi.

Wiki iliyofuata Mama Jagi aliingia ofisini asubuhi akamkuta shemeji yake amepiga magoti mbele ya kizingiti cha dirisha, mikono ya shati imekunjwa, tope kwenye kiwiko, akichungulia jagi.

"Limetuama?" aliuliza bila kugeuka.

"Mchanga bado. Tulia hapo hapo."

Mama Jagi akapita nyuma yake kwenda kutundika koti. Akasimama. Akavuta pumzi mbili fupi kwa pua, akakohoa kwa adabu, kisha akanyoosha mkono na kufungua dirisha.

"Karibu, Meneja," alisema. "Kazi zinasemaje?"